William Marshal: naiti aliyelelewa na neno lililovunjwa

Kama ulikuwa nasi kwenye kipindi cha vijana, utakumbuka tulizungumzia michezo ya mezani ambayo wachezaji wanaigiza wahusika. Hakuna ubao wala kete kama za bao. Mmoja anasimulia hadithi, wengine kila mmoja anashika mhusika wake, na dadu inaamua kama pigo limempata adui au limepita pembeni.

Katika michezo hiyo yupo mhusika mmoja anayependwa na kuleta ugomvi kuliko wengine. Ni naiti wa dini. Naiti ni askari wa farasi wa Ulaya ya zamani aliyekula kiapo kwa bwana wake. Huyu wa mchezoni ameapa pia mbele za Mungu kwamba hatasema uongo, hatamwacha mnyonge na hatatenda uovu. Aliingizwa mwaka 1975 kwenye mchezo wa Kimarekani uitwao Dungeons & Dragons, uliokuwa umetoka mwaka mmoja kabla. Sheria ilikuwa kali: akikiuka mwenendo aliopaswa kuushika, anapoteza hadhi yake ya unaiti wa dini.

Baada ya kipindi, msikilizaji mmoja alituma ujumbe na swali zuri. Aliuliza, naiti huyo afanye nini pale bwana aliyemwapia anapokuwa mtu mbaya? Na kama viapo viwili vinagongana, ashike kipi aache kipi?

Swali hilo halikuanzia mezani. Yupo mtu wa kweli aliyeishi nalo miaka zaidi ya sitini. Aliitwa William Marshal, wa Uingereza, na leo tunasimulia maisha yake.

Mtoto aliyewekwa rehani

William alizaliwa karibu mwaka 1147. Uingereza ilikuwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mfalme Stephen na binamu yake Matilda waligombea kiti, na baba yake William, John Marshal, alikuwa upande wa Matilda.

Mwaka 1152 Mfalme Stephen aliizingira ngome ya John huko Newbury. John aliomba muda wa kusimamisha vita ili apate ruhusa ya kusalimu amri. Mfalme alikubali, lakini alitaka rehani. John akamtoa mwanawe William, mtoto wa miaka mitano au sita hivi.

Kumbe yalikuwa maneno matupu. John alitumia muda ule kuingiza chakula na askari ndani ya ngome, kisha akakataa kuitoa. Washauri wa mfalme walisema mtoto anyongwe. Baba alipopelekewa habari, inasimuliwa kwamba alijibu kuwa nyundo na fuawe anazo bado, atafua watoto wengine walio bora kuliko huyo.

William alipelekwa kwenye mti wa kunyongea bila kuelewa kinachoendelea. Njiani alimwona mtu ameshika mkuki mzuri, akaomba aushike acheze nao. Stephen alishindwa kuvumilia. Alimbeba mtoto akamrudisha kambini.

Siku chache baadaye mfalme na mtoto yule walionekana ndani ya hema wakicheza manaiti. Walikuwa wamechuma mabua ya majani yenye vichwa vidogo, kila mmoja na lake, wakigonganisha kuona kichwa cha nani kitakatika kwanza. Cha mfalme ndicho kilichokatika. Vita vilipoisha, mtoto alirudi kwao.

Kumbuka jambo hili tunapoendelea. Mtu ambaye Ulaya ilimjua baadaye kwa kutunza neno lake alikaribia kufa utotoni kwa sababu baba yake alivunja la kwake.

Kijana asiye na urithi

William hakuwa mtoto wa kwanza, na kwa desturi ya wakati ule ardhi ilikwenda kwa wakubwa. Alipokuwa na miaka kama kumi na mitatu alipelekwa Normandy, Ufaransa ya kaskazini, kwa ndugu wa mama yake, bwana wa Tancarville. Huko alijifunza farasi, mkuki na upanga. Mwaka 1166 alifanywa naiti.

Katika mapigano yake ya kwanza alipigana kwa nguvu lakini hakumkamata mtu, na farasi wake aliuawa. Usiku ule mezani wakubwa walimtania kwa kumwomba zawadi, wakijua hana kitu. Naiti wakati ule aliishi kwa kumkamata adui akiwa hai, kisha ndugu zake walipe fidia. Farasi na silaha za aliyekamatwa pia zilikuwa mali ya mshindi. William hakulisahau somo hilo.

Mwaka 1168 alikuwa na mjomba wake Patrick, bwana wa Salisbury, wakimsindikiza Malkia Eleanor, mke wa Mfalme Henry wa Pili. Walivamiwa. Mjomba aliuawa, na William alijeruhiwa paja akakamatwa. Malkia ndiye aliyemlipia fidia, na mlango wa ikulu ukafunguka. Mwaka 1170 aliwekwa kuwa mwalimu wa vita wa mwana wa mfalme, Henry kijana, ambaye alikuwa ametawazwa mfalme wakati baba yake bado yu hai.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mashindano. Manaiti mamia walikutana uwanda mpana na kupigana makundi kwa makundi. William na mwenzake mmoja walishirikiana, na karani wa jikoni akaandika hesabu: katika muda usiofika mwaka walikamata manaiti 103.

Siku moja, baada ya mashindano ya Pleurs, waamuzi walimtafuta wampe tuzo yake, samaki mkubwa. Walimkuta kwa mhunzi, kichwa kimelazwa juu ya fuawe. Kofia yake ya chuma ilikuwa imepondwa mpaka haivuki, na mhunzi alikuwa akiigonga taratibu ili itoke.

Vazi lenye msalaba

Mwaka 1182 maneno ya ikulu yalimpata. Wenye wivu walidai ana uhusiano na mke wa Henry kijana. William alijitokeza mbele ya watu, akataka washitaki wake waje wapigane naye ili Mungu aamue. Hakuna aliyetoka. Aliondoka ikulu bila kisasi.

Mwaka uliofuata Henry kijana alimwasi baba yake na kumwita William arudi. Fedha za kulipa askari zilipoisha, kijana yule alipora mali za mahali patakatifu. Hatuna sababu ya kuficha kwamba William alikuwa katika msafara huo. Muda si mrefu Henry aliugua tumbo la kuhara damu, akafa Juni 1183 akiwa na miaka 28.

Alikuwa amekula kiapo cha kwenda Yerusalemu. Akiwa anakata roho alimwomba William alipeleke vazi lake lenye msalaba huko kwa niaba yake. Bwana huyo hakuwa na la kumpa tena, wala hakuna ambaye angemdai marehemu kiapo. William alikwenda, na alikaa nchi ile karibu miaka miwili.

Aliona huko Shirika la Hekalu, watawa waliokuwa askari. Waliishi bila mali na bila mke, na walilinda njia za mahujaji. Kati ya watu wote wa historia, hao ndio wanaofanana zaidi na naiti wa dini wa mchezoni. William aliweka nadhiri kwamba atakufa akiwa mmoja wao. Alinunua vitambaa vya hariri viwe sanda yake, akavikunja na kurudi navyo nyumbani. Alivitunza zaidi ya miaka thelathini.

Mkuki kwa farasi, si kwa mtu

Aliporudi alimtumikia Mfalme Henry wa Pili. Mwaka 1189 mfalme huyo alikuwa mgonjwa, na mwanawe Richard alikuwa amejiunga na mfalme wa Ufaransa kumpiga vita. Wakuu wengi walishaanza kumkimbilia Richard, maana ndiye mrithi. William alibaki na mzee.

Mfalme alipokuwa anakimbia kutoka Le Mans, Richard alimfukuza akiwa hana mavazi kamili ya vita. William aligeuza farasi akamkabili. Angeweza kumuua, na Richard mwenyewe alijua hivyo. William alishusha mkuki akaua farasi. Mfalme alipata nafasi ya kuondoka, na mrithi wa nchi akabaki hai.

Wiki chache baadaye, tarehe 6 Julai, Henry alikufa huko Chinon. Watumishi walichukua nguo na vitu wakatoroka. William na wachache walibaki, wakamsitiri maiti na kusimamia maziko.

Kisha akaja Richard, sasa mfalme. Wengi walidhani William amekwisha. Richard alidai kwamba siku ile William alitaka kumuua. William alimjibu kwamba mkono wake ulikuwa bado na nguvu ya kuupeleka mkuki anakotaka. Hakuomba radhi kwa kumlinda bwana wake. Richard alimsamehe, akamwozesha Isabel de Clare, mrithi wa ardhi kubwa Wales na Ayalandi. William alikuwa na miaka arobaini na kitu, Isabel kama kumi na saba. Walipata watoto kumi, wa kiume watano na wa kike watano.

Viapo viwili na bwana mbaya

Mwaka 1199 Richard alikufa, na mdogo wake John akatawala. Huyu John alikuwa mtu wa kushuku kila mtu. Alitoza kodi nzito na kuchukua watoto wa wakubwa kuwa rehani.

Mwaka 1204 John aliipoteza Normandy kwa mfalme wa Ufaransa. William alikuwa na ardhi huko. Ili isichukuliwe, aliapa kwa mfalme wa Ufaransa kwa ajili ya ardhi ile ya ng'ambo. John alikuwa amemruhusu azungumze naye, lakini mwaka 1205 alimtaka waende wote Ufaransa kupigana. William alikataa, kwa kuwa hangeweza kumpiga mtu aliyemwapia. John alimwita msaliti mbele ya baraza. William alisema yuko tayari kujitetea kwa upanga, na hakuna aliyejitokeza.

Hapo ndipo viapo viwili viligongana, na haikuwa bahati mbaya. Alijitia mwenyewe kwenye mtego kwa kutaka kushika ardhi pande zote mbili za bahari.

John alidai mwanawe wa kwanza awe rehani, baadaye na wa pili. Yule aliyekuwa rehani akiwa mtoto sasa alitakiwa kutoa wanawe, na aliwatoa. Tofauti na baba yake, yeye hakulichezea neno lililowashikilia watoto wale. Baadaye walirudi nyumbani salama.

Mwaka 1215 makabaila wa nchi walichoka, wakamlazimisha John kukubali Hati Kubwa, yaani Magna Carta, iliyoweka kwenye maandishi kwamba hata mfalme yuko chini ya sheria. William alikuwa upande wa mfalme, na alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuzungumza na waasi. Mwanawe mkubwa alikuwa upande wa pili, mmoja wa makabaila 25 waliowekwa kusimamia hati hiyo. Familia moja, pande mbili.

Wapo wanaouliza hadi leo kwa nini alimtumikia mtu kama John. Kwake kiapo hakikufutika kwa sababu bwana amekuwa mbaya. Alikataa amri aliyoona si ya haki, na alikataa hadharani, lakini hakumgeuzia upanga. Wengine wataona huo ni uaminifu, wengine wataona ni kumbeba dhalimu. Wananchi waliokamuliwa kodi na John huenda wangesema hilo la pili.

Mtoto mwingine

John alikufa Oktoba 1216. Mwana wa mfalme wa Ufaransa, Louis, alikuwa ameishika London, na zaidi ya nusu ya wakuu walikuwa upande wake. Mrithi wa John alikuwa Henry, mtoto wa miaka tisa. Hazina ilikuwa tupu.

William alikuwa na miaka kama sabini. Wakuu waliobaki walimwomba awe mlezi wa mtoto na mwangalizi wa nchi. Alisita, akitaja uzee wake. Mmoja wa watu wake alimweleza hatari iliyopo, kwamba mambo yakiharibika watalazimika kukimbilia Ayalandi. William aliamua kwamba hata wote wakimwacha mtoto huyu, yeye atambeba mabegani kutoka kisiwa hadi kisiwa, hata ikibidi kuomba mkate.

Miaka sitini na minne ilikuwa imepita tangu mtoto mwingine alipokuwa mikononi mwa wenye nguvu, hana wa kumtetea ila huruma ya mtu mmoja.

Jambo la kwanza alilofanya halikuwa la vita. Novemba 1216 aliitoa upya Hati Kubwa, safari hii kwa hiari, akaipiga muhuri wake pamoja na mjumbe wa Papa. Kile ambacho waasi walikipigania sasa kilitolewa na upande wa mfalme, na sababu ya uasi ikaanza kupungua.

Tarehe 20 Mei 1217 aliongoza jeshi kuikomboa ngome ya Lincoln, iliyokuwa imeshikiliwa na mama mmoja shupavu, Nicola de la Haye. Mzee alikuwa na hamu ya kuingia vitani mpaka akasahau kofia yake ya chuma, ikabidi arudi kuifuata. Alishinda.

Lakini ushindi ule una doa. Askari wa William waliupora mji, makanisa hayakuachwa, na wanawake waliokimbia na watoto wao kwa mashua walizama mtoni. Hakuna kiapo kilichowalinda siku ile.

Septemba amani ilifanyika. Louis aliondoka akilipwa fedha nyingi, waasi wakasamehewa na kurudishiwa ardhi. Baadhi ya watu walimlaumu William kwa kutowaadhibu maadui. Yeye alitaka vita viishe.

Sanda ya hariri

Mwanzoni mwa 1219 aliugua. Alikwenda nyumbani kwake Caversham, kando ya mto Thames, akamkabidhi mfalme mtoto kwa mjumbe wa Papa mbele ya mashahidi, maana hakumwamini kabaila yeyote peke yake. Kisha aliagiza hariri zake ziletwe.

Mkuu wa Shirika la Hekalu katika Uingereza alikuja, na vazi jeupe lenye msalaba likaletwa. Kabla hajalivaa, William alimwita Isabel ambusu, kwani mtu wa Hekalu haruhusiwi kumbusu mwanamke. Walilia wote wawili, na binti zao pia.

Mtu wa kanisa mmoja alishauri nguo nzuri zilizokuwa ndani ziuzwe kwa ajili ya roho yake. William alikataa. Manaiti wake walizoea kupewa nguo kila mwaka wakati wa Pentekoste, na hakutaka wakose mwaka huo. Alipoambiwa arudishe yote aliyoyapata kwa waliokamatwa mashindanoni, alisema hilo haliwezekani, amwachie Mungu ahukumu.

Alikufa tarehe 14 Mei 1219. Alizikwa kwenye kanisa la Hekalu London, na sanamu yake ya jiwe ingalipo, ingawa iliharibiwa na mabomu mwaka 1941.

Kulikuwa na deni moja. Askofu wa Ferns, Ayalandi, alidai kwamba William alichukua mashamba mawili ya kanisa, naye hakuyarudisha. Askofu akamtenga na kanisa. Wanawe watano walirithi cheo chake mmoja baada ya mwingine, na wote walikufa bila mtoto wa ndoa. Wa mwisho alikufa 1245. Wazee wa wakati ule walisema ni laana ya askofu.

Karibu yote tunayoyajua yanatoka kwenye shairi refu la Kifaransa, mistari zaidi ya 19,000, lililogharamiwa na mwanawe mkubwa. Basi lisome ukijua ni mtoto anayemsifu baba yake.

Tukirudi mezani

Msikilizaji wetu aliuliza naiti afanye nini. Maisha ya William yanatoa majibu machache kwa mwenye kuigiza mhusika huyo.

Kwanza, angalia unamwapia nani kabla ya kuapa. Viapo vilivyombana William mwaka 1205 alivifunga mwenyewe.

Pili, ukikataa, kataa hadharani. William hakumpinga bwana wake kwa siri, na ndiyo maana hata waliomchukia walimwamini.

Tatu, tafuta farasi kabla ya kumlenga mtu. Msimulizi akikuwekea mtego wa njia mbili mbaya, mara nyingi ipo ya tatu kwa anayetulia.

Nne, kiapo ni chako, si fimbo ya kuwachapia wenzako mezani. William aliishi na watu wa kila tabia, na hakuwalazimisha waape alichoapa yeye.

Na la mwisho ni gumu. Sheria ya mwaka 1975 ingemnyang'anya William nguvu zake mapema, pengine siku ile mali za mahali patakatifu zilipoporwa. Lakini mtu huyohuyo ndiye aliyebeba vazi la marehemu mpaka Yerusalemu, na ndiye aliyebaki na mtoto wa miaka tisa wakati wengine wanahesabu nani atashinda. Naiti wako akianguka, usikimbilie kumfuta. Mwulize kesho yake ataamka kufanya nini.

Kama una swali au mtu mwingine wa zamani unayetaka tumsimulie, tutumie ujumbe kwa namba ile ile ya kipindi. Tukutane hewani.